Tulivyomrudisha Fiston

Jumapili, mwishoni mwa Novemba 2015. Kasulu.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika sasa hivi jua linapozama. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko. Miguu yangu ina udongo mwekundu hadi kwenye vifundo na sijapata nguvu ya kuinawa. Shajara, leo sikuletei habari nzuri.

Leo mimi na Mwalimu Deo tumekwenda kwa Mama Fiston.

Naandika hapa bloguni kwa sababu kwenye kundi siwezi. Kwenye kundi kuna watu wanaosubiri sehemu inayofuata.

Wewe unayepita hapa kwa mara ya kwanza, nikueleze kidogo. Mimi ni Zuhura, nauza kanga na vitenge katika duka la baba yangu mdogo hapa Kasulu mjini. Nikifunga duka naandika hadithi. Wala si zangu kabisa. Nawachukua watu waliomo kwenye filamu za zamani, zile ambazo hakuna azijuaye, nawaendeleza kuanzia pale picha ilipowaacha. Wapo wenzangu kadhaa wenye ugonjwa huu huu. Tuna kundi letu la mtandaoni. Mmoja akiandika, wote tunasoma, tunasifia, tunagombana kuhusu nani alistahili kuolewa na nani.

Ugonjwa wangu ulianzia stoo. Nilipokuwa mdogo, Baba Mdogo alikwenda Bujumbura kufuata mali, akarudi na televisheni, deki, na katoni zima la kanda za video alizouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Alitaka kufungua kibanda cha video. Alidhani amepata filamu za ngumi. Aliweka kanda ya kwanza, akawakuta wazee wamekaa mezani wanakunywa supu, picha haina rangi, lugha haijulikani ni ya wapi. Akaweka ya pili: mwanamke anatembea kando ya reli, anatembea tu. Baba Mdogo alimlaani yule mzungu hadi kizazi cha nne, katoni likatupwa stoo, nasi watoto tukarithi.

Tuliziangalia zote. Hatukuelewa neno hata moja, kwa hiyo tukawatungia maneno. Yule mzee wa supu nilimfanya awe anadai mahari ya binti yake. Mwanamke wa kando ya reli nilimfanya awe anatoroka mke mwenza. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kifaransa, lakini Kifaransa kwetu kilikuwa kama wadudu wanaopita.

Nilipoanza kuandika kwenye blogu hii, mwaka 2012, niliandika kuhusu kanda zile nikidhani najisemea mwenyewe. Akajitokeza Mwalimu Deo. Ni Mnyakyusa wa Mbeya aliyepangiwa kufundisha sekondari Kibondo, anafundisha kemia, na alipokuwa seminari padri mmoja alikuwa akiwaonyesha picha za aina hiyo ukutani, kwenye shuka. Aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu filamu moja ya mpiga tarumbeta mlevi, akauliza kama ninayo. Sikuwa nayo. Lakini nilijua nimempata ndugu.

Kisha akaja Mama Fiston.

Jina lake la kuandikia ni Bibiane. Ni Mkongomani, mkimbizi, fundi cherehani kambini, mjane. Alikulia kando ya ziwa upande wa Fizi, na huko kwao ukumbi wa parokia ulikuwa na mashine ya sinema. Siku niliyoandika kuhusu kanda ninayoipenda kuliko zote, aliacha mstari mmoja tu chini yake: “Hiyo ya theluji naijua. Hiyo iliniliza nikiwa mutoto.”

Niliruka. Nilikuwa dukani nina mteja mkononi na niliruka. Miaka yote ile sikuwahi kukutana na mtu mwingine, nje ya stoo yetu, aliyeiona filamu ya theluji. Mwalimu ameitafuta mtandaoni mpaka leo, hajaipata. Hatujui jina lake, kwa sababu kanda yetu inaanzia katikati. Hatujui ni ya nchi gani.

Yenyewe ni hivi. Mama na watoto wake wawili wanaishi kwenye nyumba iliyoko peke yake, karibu na reli. Mtoto mchanga anaugua. Mama anamtuma yule mkubwa, wa kama miaka kumi na miwili, akamwite daktari ng’ambo ya kilima. Theluji inaanguka. Mtoto anatembea, anatembea, na sisi tunatembea naye. Mchanga anapona mwenyewe. Mkubwa hafiki kwa daktari wala harudi nyumbani. Theluji inayeyuka, watu wanapita na majembe, na picha inaisha.

Tulipoiona mara ya kwanza pale stoo tuligoma kuamini. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua sheria: stelingi, yule shujaa wa picha, hafi. Anaweza kupigwa risasi, anaweza kutupwa korongoni, lakini atarudi na kitambaa kichwani alipize kisasi. Tulirudisha kanda nyuma tukiamini kuna mahali tulisinzia. Hatukuwa tumesinzia.

Siku ya furaha kuliko zote ya kundi letu ilikuwa pale Mama Fiston alipopata ruhusa ya kutoka kambini kuja mjini. Alikuja na wanawe wawili, Fiston na mdogo wake Riziki. Mwalimu alishuka kutoka Kibondo na basi, mwili mzima vumbi, mpaka kope. Umeme ulikuwa umekatika, nikamwomba Baba Mdogo jenereta, naye akanung’unika kwamba watu wazima wanachoma mafuta kuangalia wazungu wasiopigana. Lakini akaliwasha. Tulikaa kwenye magunia. Na Mama Fiston akatusomea maandishi ya chini, Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa sauti yake ile ya polepole.

Tulikuwa tumekosea kila kitu. Mzee wa supu hakuwa anadai mahari, alikuwa anawaaga wanawe kwa kuwa ameitwa gerezani. Mwanamke wa kando ya reli hakuwa anatoroka, alikuwa anakwenda kazini kila siku kama watu wengine. Mwalimu Deo alicheka mpaka akavua miwani. Ilipofika filamu ya theluji hakuna aliyecheka. Nilimuuliza mtoto yule anaitwa nani. Mama Fiston alitazama hadi mwisho, akasema hawamtaji jina, wanamuita mtoto tu, au kijana.

Fiston alikuwa amekaa chini, magoti yamegusa kidevu. Picha ilipoisha alimgeukia mama yake akasema si sawa. Akasema angekuwa na mbwa asingepotea.

Kutoka siku ile Mama Fiston alianza kuandika. Katika hadithi yake, mtoto wa kwenye theluji hafi. Mwenye kinu cha kusaga anamkuta, anamweka karibu na moto, anampa kazi. Mtoto amesahau njia ya kwao. Anakua, anajifunza kusaga, anajifunza kutengeneza magurudumu, na kila sehemu anakaribia nyumbani kidogo, halafu kinatokea kitu. Na ana mbwa, kwa sababu Fiston alidai apewe. Jioni, kabla hajaituma kwenye kundi, Mama Fiston aliwasomea wanawe kwanza. Wakikataa, anabadilisha. Watoto wa majirani nao wakaanza kuja. Simu ikiwa na chaji, msichana mmoja wa jirani, Furaha, alikuwa akiwasomea wadogo sehemu za nyuma.

Sisi wengine tuliandika, lakini tulijua nani ni bingwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini kwake hafi mtu. Akanijibu kwamba wanaokufa amewaona wa kutosha, hahitaji kuwaandika.

Mwaka huu ndio Warundi walipoanza kuingia kwa wingi. Wewe unayesoma ukiwa mbali utakuwa umesikia redioni. Sisi tuliona malori. Kambi ilijaa, mahema yakafika hadi kwenye viwanja vya shule, maji yakawa ya kugombaniwa. Mama Fiston alipunguza kuandika, akisema anashona mchana kutwa na hapati pa kukaa kimya.

Mvua zilipoanza, Fiston aliugua. Malaria, ikapanda kichwani. Alikuwa darasa la sita. Jirani alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya kambi, wakampokea, wakamwekea dripu, na kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata alikuwa amefariki.

Nilipata habari nikipima kitenge. Nilimaliza kupima, nikakata, nikakunja, nikampa mteja. Mikono inajua kazi yake hata mtu mwenyewe akiwa hayupo.

Tulituma rambirambi kama watu wa mtandaoni wanavyotuma, maneno na picha za mishumaa. Sikwenda msibani. Baba Mdogo alikuwa safarini, duka halikuwa na mtu mwingine. Hii ndiyo sababu niliyojipa.

Mama Fiston alinyamaza. Zikapita wiki, hakuna neno.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Mwalimu Deo ni mtu mwema. Hili naliandika kwanza ili lisipotee chini ya mengine. Hana mke, hana mtoto, anaishi nyumba ya shule huko Kibondo na redio yake, na ukimya wa Mama Fiston ulimkosesha usingizi. Alitaka kumpa kitu. Akampa alichonacho. Aliandika sehemu mpya ya hadithi ya Mama Fiston, ile ya mtoto wa kinuni, na humo mtoto anakumbuka njia. Anaaga kinu, anaondoka na mbwa wake, anavuka milima, theluji inageuka mvua, mvua inageuka udongo mwekundu, na anakuta mji wa mahema. Anapita kati ya mahema akiuliza. Anafika kwenye mlango. Anakung’uta theluji mabegani. Anasema, “Mama, nimechelewa.” Na mama anamuita kwa jina lake.

Anamuita Fiston.

Ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika. Huo ndio ukweli na ndio unaonitia uchungu. Kundi zima lililia. Dada mmoja wa kundi, wa Mwanza, alisema amelisomea basi zima. Mimi mwenyewe nililia nikiwa nyuma ya kaunta, nikaandika neno moja, lile tunalosema mtu akifanya kitu kikubwa.

“Umeua.”

Kesho yake Mama Fiston alijiondoa kwenye kundi. Nilipopiga simu yake haikupatikana, na siku iliyofuata haikupatikana. Mwalimu alinipigia, sauti imekauka, akiuliza, “Dada Zuhura, nimekosea wapi?” Nilimwambia sijui. Nadhani nilikuwa najua lakini sikuwa nimepata maneno. Tukakubaliana kwenda, ana kwa ana, kama ilivyotupasa tangu mwanzo.

Alishuka jana kutoka Kibondo, akalala gesti. Mimi jana nilikaa dukani nikitafuta cha kumpelekea. Kufika kwa mfiwa mikono mitupu haiwezekani. Nilianza na kanga, na kwa mara ya kwanza tangu niijue kazi hii nilichukia kwamba kanga zinasema. Nilizifungua moja moja nikasoma. Mungu hamtupi mja wake. Subira yavuta heri. Mama ni nguzo. Hakuna hata moja ambayo ningeweza kumkabidhi mkononi. Mwishowe nikachukua kitenge cha bluu, kisicho na neno.

Asubuhi tulipanda gari dogo katika mvua, mimi na Mwalimu tumebanana na gunia la migebuka, samaki wa ziwani. Alikuwa amefunga tai. Sijui kwa nini tai ile ilinitia huruma kiasi kile.

Mama Fiston hushonea pembezoni mwa kambi, pale sokoni ambapo wakimbizi na wenyeji huuziana. Nilimwona kabla hajatuona. Yuko kwenye cherehani yake chini ya turubai, amekonda, mguu unakanyaga, kitambaa kinapita. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwita nikakwama. Nimwite nani? Tangu nimjue ni Mama Fiston. Mama mmoja wa pale jirani alikuwa anamwita Mama Riziki, na ilisikika kama kiatu cha mtu mwingine. Nikasema, “Mama,” basi.

Aliinua macho. Alisimama, akatukaribisha, akatafuta viti kwa majirani, akatuma tuletewe chai. Nilitamani atufukuze. Nilimpa pole, nikampa kitenge, akakipokea kwa mikono miwili. Mwalimu alitoa sukari na mchele, akaanza hotuba aliyoiandaa njiani, nikaona midomo yake inatafuta ukurasa. Mama Fiston alimzuia kwa mkono, taratibu.

“Mwalimu, ile yako nilisoma. Unaandika muzuri kushinda siye wote.”

Mwalimu akainamisha kichwa.

“Sikukasirika juu ya kuandika. Ni ile jina.”

Kisha akatueleza. Alitueleza akiangalia cherehani, bila kupandisha sauti, na wapita njia walisimama kuulizia bei ya kushona sketi na aliwajibu kisha akaendelea.

Siku ile sehemu ya Mwalimu ilipoingia, yeye alikuwa amelala ndani, homa ya uchovu. Simu ilikuwa kwa Furaha, yule msichana wa jirani. Furaha akaona hadithi ya mtoto wa kinuni imeendelea, akawakusanya wadogo kama ilivyokuwa desturi, akawasomea. Riziki alikuwa hapo. Riziki ana miaka saba. Siku ya maziko walimwacha kwa jirani, kwa hiyo kaburi hakuliona. Alikuwa ameambiwa kaka yake amekwenda kwa Mungu, na yeye, mtoto aliyezaliwa kambini, kwake kwenda ni kwenda: watu huenda Amerika, huenda Kanada, huenda Kongo, na wengine hurudi.

Akamsikia Furaha akisoma kwamba Fiston yuko njiani, amevuka milima, amefika kwenye mahema, anauliza watu.

Mtoto alimwamsha mama yake akamuuliza kama ugali wa Fiston umewekwa. Jioni alikataa mlango ufungwe. Mvua ilikuwa inaingia ndani. Mama akifunga, yeye anafungua. Alikaa kizingitini akilowa, akiita watoto wote wa kiume wanaopita na ndoo, na kila aliyegeuka hakuwa yeye. Mama Fiston alilazimika kumvuta ndani kwa nguvu, na mtoto akamuuma mkono, akamwambia yeye ndiye hataki Fiston arudi.

“Siku tatu hivyo,” alisema. “Mimi nilimuzika mara moja na watu walinisaidia. Mara ya pili nilimuzika peke yangu, ndani ya nyumba, kwa ile mutoto. Na hajakubali mpaka leo.”

Mwalimu Deo alikuwa analia. Alisema amekuja kuomba radhi, kwamba yuko tayari kufanya lolote. Watu husema hivyo. Mama Fiston alimtazama kwa mara ya kwanza tangu tukae.

“Basi mwambie wewe. Wewe ndiwe ulimurudisha.”

Akamwita Riziki. Mtoto alitoka nyuma ya turubai alikokuwa akichezea vipande vya vitambaa. Amefanana na kaka yake hadi nilitazama pembeni. Mama yake akamwambia huyu ndiye aliyeandika ile aliyosoma Furaha.

Riziki alimwangalia Mwalimu kwa heshima kubwa, kama mtu aliyetoka safari.

“Ni wewe ulimuona?” akauliza.

Mwalimu Deo anafundisha madarasa ya watoto themanini. Nimewahi kumsikia akieleza jinsi chumvi inavyoyeyuka mpaka nikaona kama hadithi ya mapenzi. Leo alichuchumaa kwenye tope mbele ya mtoto mmoja, tai inagusa magoti. Ilibidi aanze mara mbili.

“Sikumwona, mwanangu. Niliandika tu.”

“Uliandika amefika.”

“Ndiyo. Haikuwa kweli.”

“Juu ya nini uliandika?”

“Nilidhani mama atafurahi.”

Mtoto alifikiri. Sikuona hasira usoni pake, niliona hesabu. Kisha akamgeukia mama yake, na nikajua swali kabla halijatoka, na kama ningeweza kulizuia kwa mkono wangu ningelizuia.

“Na ile ya kinu? Ile ulikuwa unatusomea?”

Cherehani ilikuwa imesimama.

“Ile niliandika mimi,” alisema. “Niliandika nikiwa sijajua bado.”

“Sasa unajua?”

“Sasa najua.”

Riziki hakulia. Aliuliza jambo moja zaidi, kwa sauti ndogo, kwamba sasa yule mbwa amebaki na nani. Kisha akarudi nyuma ya turubai kwenye vitambaa vyake. Baada ya kitambo nilisikia anakohoa, kisha nikagundua si kikohozi. Mama yake akanyanyuka akamfuata, na sisi tukabaki tumekaa na chai iliyopoa mbele ya cherehani ya mtu.

Walikaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa ametulia kuliko tulivyomkuta. Alisema ndiyo mara ya kwanza Riziki amelia. Alisema ni vizuri. Alimshukuru Mwalimu, na nadhani shukrani ile ilimuumiza Mwalimu kuliko matusi yoyote.

Kabla hatujaondoka alinivuta pembeni. Nilidhani atazungumzia kundi. Aliniambia ana ombi. Anataka kuiona tena filamu ya theluji, siku moja, akipata ruhusa. Si ile aliyoiandika, ile yenyewe. Anataka kumwona yule mama pale mwisho, alivyofanya. Ameshasahau, na sasa anahitaji.

Ikabidi nimwambie. Deki iliungua mwaka jana umeme uliporudi kwa kishindo. Na kanda zenyewe, nilipozitazama masika, zilikuwa zimeota kuvu katoni zima, nyeupe, za kunata. Filamu ile haipo tena Kasulu. Kwa tunavyojua, haipo popote.

Akaniuliza kama mimi nakumbuka. Nilimwambia nakumbuka vizuri, nimeiangalia mara zisizohesabika: mama anakwenda dirishani, anafunga, anarudi kwa mtoto mchanga. Akatikisa kichwa. Akasema hapana, anafungua. Theluji imeyeyuka, anafungua dirisha. Nikasema anafunga. Akasema anafungua, ndiyo maana alilia akiwa mtoto ukumbini, kwa sababu ya ule upepo kwenye nywele zake. Tulibishana kidogo, kwa upole, wanawake wawili katikati ya soko, juu ya mkono wa mwanamke ambaye hatujui hata nchi yake. Mwalimu alipoulizwa alisema hakumbuki dirisha kabisa. Pale hapakuwa na wa nne wa kumuuliza.

Mama Fiston alisema haidhuru. Akanikumbatia. Hakusema atarudi kwenye kundi na mimi sikumuuliza.

Njiani Mwalimu alivua tai akaiweka mfukoni. Alisema ataifuta ile sehemu, na kwamba haandiki tena, atabaki na kemia yake. Sikumbishia. Pale stendi ya Kasulu alipanda basi la Kibondo bila kugeuka nyuma, nami nikatembea hadi nyumbani.

Nimefungua simu sasa hivi. Mwalimu ameshafuta. Watu wameona hadithi haipo na kundi limechafuka: iko wapi, imeibiwa, irudishwe jamani. Dada wa Mwanza anauliza Fiston akishaingia ndani inakuwaje. Mwingine anapendekeza aoe. Hawamjui; walituma rambirambi kwa mwana wa Bibiane bila kujua jina lake. Kwao ni jina zuri tu la kigeni la stelingi, na stelingi amefika nyumbani na wanataka karamu.

Nimekaa na simu mkononi nikitafuta namna ya kuwaeleza. Nimeandika aya ndefu nikaifuta. Nimeandika nyingine, ya heshima, nikaifuta.

Mwishowe nimeandika neno moja.

“Hakufika.”

Sasa mmoja ameanza kuandika, naona vidoti vyake vinatembea, vinasimama, vinatembea tena. Sitamsubiri. Nakwenda kunawa miguu. Asubuhi ni Jumatatu, Baba Mdogo anataka vitenge vipya vipangwe mbele, na nitavipanga. Lakini nikiketi tena kuandika habari za mtu aliyepotea, nitajuaje ni nani anayesikiliza mlangoni?